Foel Aliyeitwa Ziwani

Swali lenyewe lilikuwa fupi tu, lakini lilimkaa Tangwen kooni kama mwiba wa samaki: yule mwanamke wa ziwani, anataka nini?

Aliyeuliza ni Idwal, bosi wake, mwanamume wa ndevu nyekundu asiyeonekana bila kikombe cha chai mkononi. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la rangi na misumari mjini Caernarfon, chumba kirefu chenye madirisha madogo, nyaya zimetapakaa sakafuni, na birika linalochemka kutwa. Humo ndimo walimotengeneza gemu yao ya kompyuta, gemu ya viumbe vya hadithi za kale za Welisi, wale ambao bibi wa kule humtajia mtoto akikataa kulala. Tangwen ndiye aliyewachora. Alichora mbwa weupe wenye masikio mekundu wanaowinda roho za watu angani. Alichora farasi wa majini, mzuri wa manyoya, anayekungoja ukingoni mwa mto umpande, kisha akuzamishe. Alichora vijibwana vya machimboni vinavyogonga mawe gizani, gogo-gogo, kumwonyesha mchimbaji pa kuchimba. Wote hao walipita bila maneno mengi. Aliyekwama ni mwanamke wa ziwani.

"Kila mmoja humu ana anachokitaka," Idwal alisema Jumatatu asubuhi, akihesabu kwa vidole vya mkono usio na kikombe. "Mbwa wanataka kuwinda. Farasi anataka kuzamisha. Vijibwana vinataka viachiwe kipande cha mkate. Huyu wako anataka nini?"

"Kisasi," Tangwen akajibu upesi.

"Kwa nani? Mumewe keshakufa, hata kaburi lake limeota kaburi jingine."

"Kwa wanadamu wote."

"Ah, Tangwen! Kisasi kwa wanadamu wote ni sawa na salamu kwa kijiji kizima. Hakuna anayeitikia."

Tangwen alijua ni kweli. Watu waliopewa gemu kuijaribu walifika ziwani, wakamwona mwanamke amevaa taji la majani ya maji, akanyanyua mkono, kilima kilicho nyuma yake kikang'oka na kuwajia kama jitu. Wakakikwepa, wakampiga panga, akazama, wakasonga mbele. Walipoulizwa baadaye nani aliwagusa moyo, mmoja alisema mbwa, mwingine farasi. Wa tatu alimsifu paka aliyekuwa amelala kwenye dirisha la kijiji, paka ambaye Tangwen alimchora siku moja akisubiri mvua ipungue. Mwanamke wa ziwani hakutajwa.

"Ijumaa wanakuja wale watakaotuuzia gemu yetu," Idwal akaendelea, sauti ikashuka. "Wanasema kama hatuna cha maana pale ziwani, tuweke joka. Jekundu."

"Joka tena!"

"Najua. Liko kwenye bendera, liko kwenye vikombe, liko kwenye soksi za mtoto wangu. Lakini watu wakiliona wanajua wako wapi. Nitafutie jibu kabla ya Ijumaa, Mama Ziwa, la sivyo mwanamke wako anatoka."

Alimwita Mama Ziwa kwa utani, ila utani huo ulikuwa na mizizi. Kwa akina Tangwen ilisemwa tangu enzi na enzi kwamba wao ni uzao wa mwanamke yule hasa. Shuleni wenzake walimvuta soksi chini na kumwambia, "Hebu tuone magamba!" Naye badala ya kulia alikwenda nyumbani akamchora, kwa penseli, nyuma ya karatasi za kufungia siagi. Alimchora na nywele ndefu, akamchora na nywele fupi, akamchora amekasirika. Kumwona sasa anatolewa na joka la soksi, lo! Ilikuwa kama kuambiwa bibi yake mzaa babu ahame nyumba apishe kabati.

Basi Jumatano akachukua gari lake dogo akapanda kwenda Tŷ'n-y-llyn, kwa Anti Gwyneira.

Anti Gwyneira alikuwa shangazi wa baba yake, mwanamke mfupi wa mabega mapana, mjane. Aliishi peke yake na mbwa mmoja, kondoo, na ng'ombe weusi wachache, katika nyumba ya mawe iliyotazamana na ziwa dogo la Llyn Celynog. Nyuma ya ziwa kulikuwa na kilima kisicho na mti hata mmoja, nyasi tupu, na ubavu wake wa huku umemeguka na kuinama kama mtu anayetaka kunywa maji. Mwaka uliopita Anti aliwekewa nyonga ya chuma hospitalini, na tangu hapo alitembea kwa kuyumba kidogo, kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Hakupenda kuulizwa habari zake.

"Umekonda," ndiyo ilikuwa salamu. "Mjini hamli? Ingia, vua buti, usinikanyagie sakafu."

Mezani palikuwa na mkate mweusi wa zabibu kavu, ule ambao zabibu zake hulazwa kwenye chai usiku kucha, na siagi iliyopakwa nene kiasi cha kuacha alama za meno. Tangwen aliweka simu karibu na sahani.

"Kidude hicho kinafanya nini mezani kwangu?"

"Kinarekodi sauti yako, Anti. Unisimulie habari ya mwanamke wa ziwani, kama ulivyokuwa ukinisimulia."

"Sauti yangu imejaa makombo ya mkate."

"Ndivyo ninavyoitaka."

Anti alicheka, lakini hakuanza mara moja. Alisimulia kwanza ua wa jirani ulioanguka na jirani anavyodai kuwa upepo ndio wenye kosa. Akasimulia paa la kanisa linalovuja juu ya kiti cha mpiga kinanda, na mpiga kinanda anavyopiga akiwa amevaa kofia ya mvua. Tangwen aliitikia, akakata kipande cha pili cha mkate. Alijua hadithi kwa Anti haitolewi kama maji ya bomba, sharti ndoo ishuke kisimani kwanza.

"Haya," Anti akasema hatimaye, akapangusa midomo. "Kijana wa nyumba hii alikuwa akichunga pale chini, akamwona mwanamke amekaa juu ya maji, anachana nywele. Akampenda hata akasahau kondoo. Mwanamke akamwambia, nitakuja kwako, nitakaa nawe, nitakuzalia. Lakini siku chuma kitakaponigusa, ninarudi kwetu. Kijana akakubali. Wangapi hawakubali! Wakaishi. Akafunga kila chuma cha nyumba kwa kitambaa, vipini vya vyungu, makomeo ya milango, kila kitu. Watoto wakazaliwa. Halafu siku moja wanataka kwenda sokoni, farasi akawa mkorofi, hataki kushikwa. Mume kwa hasira akarusha hatamu, na lijamu lake la chuma likamgonga mke begani. Hakulia, hakutukana. Aligeuka tu akashuka ziwani. Mume nyuma yake, watoto nyuma ya mume, wamesimama kwenye mawe na viatu vyao miguuni. Pale ukingoni mwanamke akageuka akaita, 'Njoo, Foel.' Na Foel akaja. Ndio mwisho. Hakuonekana tena."

"Na kilima?"

"Ndicho hicho Foel. Si unakiona kilivyoinama? Kilipiga hatua moja kumfuata, halafu kikakumbuka kwamba chenyewe ni kilima, kikasimama. Nikiwa mtoto niliogopa kuwapa mgongo, yeye na ziwa lake."

Ni vizuri kueleza hapa kwamba Foel kwa Kiwelisi ni kipara. Kilima kisicho na miti wanakiita kipara, tena viko tele nchi ile. Ukirusha jiwe bila kuangalia utakipiga kimojawapo. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuliza zaidi. Foel ni kilima, kilima kiko pale dirishani, mjadala umefungwa.

"Anti," Tangwen akasema, "mwanamke yule alitaka nini?"

"Alitaka nini vipi? Mwanamke aliyeamua kuondoka anataka kuondoka."

"Basi kwa nini akageuka? Angezama tu. Na kwa nini amwite kilima? Kilima utakipeleka wapi?"

Anti aligeuza kichwa. Akatazama dirishani. "Unajua," akasema polepole, "sijawahi kujiuliza. Kitu ukikisikia tangu utotoni hukisikii tena."

Walitoka nje baada ya chai, maana Anti alikuwa na nyasi za kuwapelekea ng'ombe na Tangwen alitaka kusikia jinsi sauti inavyosafiri juu ya yale maji. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale membamba yasiyosikika ila yanakulowesha mpaka mfupa. Wakasimama kwenye lango la malisho, ziwa mbele yao, ukungu umekalia kilima mabegani. Tangwen akajaza kifua hewa, akaita kwa sauti ile aliyoipanga kwa ajili ya gemu, sauti ya malkia mwenye ghadhabu.

"NJOO, FOEL!"

Bata wawili waliruka. Kilima hakikutikisika.

Anti alishika lango ili asianguke kwa kicheko. "Unamwita au unamshtaki? Mimi ningekuwa kilima ningekimbilia upande wa pili!"

"Ndivyo anavyoita kwenye gemu."

"Ndiyo maana hamumpendi. Mwanamke ameumia bega, anawaacha wanawe, halafu apige kelele kama anauza samaki? Ita taratibu. Ita kama unamwita mtu unayejua atakuja."

Tangwen akaona haya kidogo. Alifuta maji usoni, akatulia, akayatazama maji meusi. Kisha akasema, si kwa nguvu, kama unavyomwambia mtu aliye chumba cha pili:

"Njoo, Foel. Njoo, mama."

Nyuma yao kukasikika mguu ukichomoka kwenye tope. Pwa. Halafu mwingine. Pwa. Tangwen akashikilia lango. Hakuthubutu kugeuka. Hewa ya moto ikamgusa sikioni, yenye harufu ya nyasi zilizotafunwa.

"Nini tena wewe, Foel," Anti akasema bila kutazama, kwa sauti ya mazoea. "Si nimeshakwambia nyasi zinakuja..."

Tangwen akageuka. Mbele yake alisimama ng'ombe mweusi tititi, mkubwa, kichwa chake mviringo na laini kama jiwe la mtoni. Hakuwa na pembe hata moja.

Wanawake wawili wakatazamana juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Anti. Huyu anaitwa nani?"

"Foel." Anti akampapasa kichwani. "Hana pembe. Asiye na pembe ni kipara, anaitwa Foel. Wa kabla yake naye aliitwa Foel. Na wa mama yangu. Hapa daima kuna mmoja asiye na pembe, na daima ni Foel. Akifa mmoja, jina linapewa mwingine."

"Na wewe hukuwahi..."

"Kwa nini niwahi? Kilima ni kilima, ng'ombe ni ng'ombe! Namwita huyu asubuhi na jioni miaka yote, hadithi naisimulia jikoni. Havijawahi kukutana." Akampiga ng'ombe kofi la upole shavuni. "Na wewe umenyamaza tu, mshenzi mkubwa. Unajua kila kitu, husemi."

Ng'ombe akapitisha ulimi kwenye mkono wa koti lake.

Walicheka mpaka mbwa akaja kuona kuna nini. Lakini kicheko kilipoisha Tangwen alibaki na kitu kinamkuna, na swali la Idwal likajigeuza ndani yake likatoa swali jingine.

"Anti, hebu nisaidie. Mume yuko pale. Watoto wake mwenyewe wako pale kwenye mawe. Kwa nini aite ng'ombe?"

"Labda aliwaita na wao, hadithi ikawasahau."

"Hadithi imekumbuka viatu vyao."

Anti akakunja uso. Kweli, hadithi ilikumbuka viatu. Mama yake alisimulia hivyo hivyo, na bibi yake hivyo hivyo: wamesimama kwenye mawe na viatu vyao miguuni. "Vilikuwa vya mbao," akasema. "Kila mtu alivivaa. Babu yangu alikuwa navyo bado. Soli ya mbao, na chini imepigiliwa ukingo wa chuma kama kwato za farasi. Tulikuwa tunavikokota barabarani vitoe cheche, tunashindana nani atatoa..."

Alimtazama Tangwen, Tangwen akamtazama.

"Chuma," Tangwen akasema.

"Chuma."

"Mume?"

"Ana hatamu mkononi bado, mjinga yule."

"Farasi?"

"Kwato zake nne zina chuma."

"Mbwa?"

"Mbwa wa shamba hufungwa mnyororo."

"Ng'ombe wengine?"

"Wenye pembe tuliwafunga zizini kwa mnyororo, unauzungusha kwenye pembe na shingo. Ila huyu..." Anti akamtazama ng'ombe kama ndiyo kwanza anamwona. "Huyu humfungi. Hana pa kushikia. Ukimvisha mnyororo unamtoka kichwani kama kofia. Mama yangu alimtukana Foel wake kila asubuhi, maana alimkuta bustanini anakula kabichi."

"Kwa hiyo katika uwanja mzima..."

"Ndiye peke yake asiye na chuma mwilini."

Manyunyu yakaendelea. Tangwen aliwaza watoto wale wamesimama kwenye mawe, mama yao anawatazama miguu, na hakuna hata mmoja anayejua avue. Labda hakuruhusiwa kusema. Labda alidhani watatambua wenyewe. Akaita kile ambacho kingeweza kuja.

"Maskini, mama wa watu," Anti akasema kwa sauti ndogo. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na huzuni muda mrefu kwenye mvua, akajipiga nyonga. "Na mimi na chuma changu hiki cha hospitali, hata aniite leo siendi popote. Shika nyasi hizo, tuwalishe."

Tangwen alipokuwa akifunga mkanda wa gari kuondoka, Anti aliegemea dirishani.

"Huyo mwanamke mfanye unavyotaka. Lakini kilima changu usikiguse."

"Anti, si umeona mwenyewe? Ni ng'ombe."

"Nimeona. Na kila asubuhi nafungua pazia nikitazame kilima kama kimesogea. Sasa nianze kutazama kilima kinachokaa tu? Kwa faida ya nani? Ng'ombe aje, sawa. Na kilima kiiname kidogo. Si jina moja? Basi litoshe wote wawili."

Alhamisi yote Tangwen alikaa kwenye kompyuta bila kuinua kichwa. Alimvua mwanamke taji la majani ya maji, akampa gauni la kawaida la sufu lililolowa upindo, na alama ya damu begani, ndogo, ukiangalia vibaya huioni. Alimwondolea silaha zote. Akaingiza sauti ya Anti kutoka kwenye simu, ile sehemu ya "Njoo, Foel," makombo ya mkate na yote. Idwal alipita nyuma ya kiti chake mara kwa mara, akinywa chai kwa kishindo kama mtu anayetaka kuulizwa maoni.

"Huyo ni ng'ombe?" akauliza mwishowe.

"Ni ng'ombe."

"Watu wanunue gemu ili wapigane na ng'ombe?"

"Hawapigani naye."

"Ndiyo hofu yangu."

Tangwen alimwambia yote, lango, tope, viatu vya mbao. Idwal, aliyekulia shambani naye, aliacha kunywa. Alikaa juu ya meza, akakuna ndevu. "Kwetu alikuwepo Foel," akasema. "Alinikanyaga mguu." Akafikiri zaidi. "Lakini mgeni wa kesho atajuaje la kufanya? Yeye si wa huku. Hajui habari za chuma."

"Asiambiwe. Na wewe usimwambie. Niahidi."

"Nakuahidi. Ila asipotambua, Tangwen, ni joka. Sitaweza kukutetea tena."

Ijumaa alasiri mgeni akaja, mwanamke aitwaye Philippa, mrefu, mwenye koti la mvua lililolowa na uso wa mtu aliyeamka mapema mno kupanda treni. Hakuwa mbaya. Alishukuru kwa chai, akasifu keki ndogo zilizookwa na mke wa Idwal juu ya bamba la moto, akakaa mbele ya skrini na kushika kidude cha kuchezea kwa vidole vya mtu aliyezoea.

"Nimeambiwa kuna mwanamke wa kupigana naye," akasema.

Walimwonyesha ziwa. Mtu wa Philippa ndani ya gemu alikuwa amevaa deraya kamili ya chuma, kofia ya chuma, mkanda wa chuma, upanga mkononi. Ukingoni alisimama mwanamke, mgongo umewageukia. Philippa akasogea, akainua upanga. Mwanamke akageuka, akatazama, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka maji yakamfunika. Ziwa likatulia. Hakukuwa na alama, wala muziki wa ushindi, wala mlango uliofunguka.

"Nimemshinda?"

Idwal akammiminia chai. Philippa akarudi nyuma, mwanamke akatokea tena. Safari hii alimpiga mshale kutoka mbali. Mwanamke akazama. Alijaribu kumkimbilia, alijaribu kunyata, alijaribu kuzunguka kupitia mawe. Kila mara yule anazama, taratibu, bila chuki.

"Imeharibika hii," Philippa akasema.

Idwal alikohoa. Tangwen aliokota penseli mezani. Aliwaza joka, magamba yake mekundu, moto wake. Tayari alianza kufikiri jinsi atakavyolichora, na akajichukia.

Philippa alikuwa ameinua mkono kama anayetaka kukiweka kidude chini. Hakukiweka. Aliinama mbele kidogo, akakodoa macho.

"Ngoja," akasema. "Hanitazami usoni huyu. Kila mara ananitazama mkononi."

Akabonyeza. Upanga ukaanguka kwenye nyasi. Mwanamke, aliyekuwa ndani ya maji hadi kiunoni, akatoka mpaka magotini.

"Aha! Kumbe." Uso wa uchovu ukafunguka kama wa msichana. Philippa akatupa podo la mishale. Akavua kofia, akafungua mkanda, akaivua deraya kipande kwa kipande, akicheka peke yake. Kila kilipodondoka kimoja, mwanamke alipiga hatua. Halafu akasimama, karibu kabisa, na hakusogea tena.

"Sasa nini? Nimebaki na shati." Akamzungusha mtu wake, akamtazama huku na huku. "Mna hakika nimebaki na shati? Nina nini tena mwilini?"

Birika lilianza kuimba kwenye kona, hakuna aliyekwenda kulizima. Philippa akamtazama Idwal, Idwal akatazama dari. Akamtazama Tangwen, Tangwen akatazama sakafu. Ni hapo Tangwen alipoona kwamba Philippa naye amefuata macho yake, mpaka chini, mpaka kwenye miguu yao wote watatu.

"Viatu," Philippa akanong'ona.

Akavivua. Njumu za chuma zikalia kwenye mawe, na mtu wake akabaki peku.

Mwanamke akaja. Alikuja hadi mbele yake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, muda mrefu, kama anayetafuta sura ya mtu mwingine ndani yake. Kisha akageuza kichwa na kuita, kwa sauti ya kizee yenye mikwaruzo: "Njoo, Foel." Kutoka kwenye ukungu akatokea ng'ombe mweusi asiye na pembe, akapita karibu kiasi cha kumgusa mtu wa Philippa bega, akasimama kando yao. Na kule nyuma, polepole sana, kilima kikainama.

"Kilima kimesogea?" Philippa akauliza.

"Kidogo," Tangwen akajibu.

"Mlitaka kuliweka wapi lile joka?"

"Hapo hapo," Idwal akasema. "Badala yake."

"Mh." Philippa hakuondoa macho kwenye skrini. "Mtafutieni pango huko milimani, majoka hayakosi pango. Hapa msiguse." Halafu: "Alikuwa na watoto, sivyo? Ananitazama kama mwenye watoto."

"Alikuwa nao," Tangwen akasema.

"Nikiuokota upanga, ataondoka?"

"Ataondoka."

"Na bila upanga siwezi kusonga mbele?"

"Mbele kuna mbwa," Idwal akasema. "Weupe, wa masikio mekundu. Wazuri sana, tunawaonea fahari. Tukuonyeshe?"

Philippa alivuta kiti karibu zaidi na skrini, akaweka kidude magotini, mikono juu yake, bila kubonyeza kitu. Ng'ombe alikuwa ameanza kula nyasi.

"Wacha hao mbwa wangoje kidogo," akasema.